CHANJO YA MALARIA YAFIKA JUBA: KADI YA MTOTO ISIACHWE NYUMA

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa neema katika elimu ya sayansi. Mwezi Juni chombo cha Uchina kiitwacho Chang'e-6 kilirejea duniani na udongo wa ule upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani, jambo ambalo halikupata kufanyika. Mwezi huo huo ilitangazwa kwamba, katika jaribio lililofanyika Afrika ya Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliodungwa dawa ya lenakapaviri kila baada ya miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI. Agosti, Tanzania ilizindua rasmi treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Lakini kwa mama auzaye mboga katika soko la Custom mjini Juba, mtoto akiwa mgongoni, habari kubwa ya mwaka huo haikutoka mwezini. Ilikuja ndani ya kichupa kidogo cha dawa. Mwishoni mwa Mei 2024 Sudan ya Kusini ilipokea dozi 645,000 za chanjo ya malaria iitwayo R21, na katikati ya Julai ikaanza kuwachanja watoto, kwanza katika kaunti 28 zilizoelemewa zaidi na ugonjwa huo.

Uzito wa habari hiyo waonekana katika hesabu. Katika mwaka 2022 nchi hiyo ilikadiriwa kupata wagonjwa wa malaria 7,630 na vifo 18 kila siku. Barani Afrika, walio wengi kati ya wanaokufa kwa malaria ni watoto wasiotimiza miaka mitano.

SAFARI NDEFU

Chanjo hiyo haikupatikana kwa siku moja. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilianza kushughulikiwa na wataalamu katika miaka ya 1980, na ilikuwa mwaka 2019 tu ndipo Malawi, Ghana na Kenya zilipoanza kuitoa kwa majaribio katika zahanati zao. Mwezi Januari 2024 Kamerun ikawa nchi ya kwanza kuiingiza katika chanjo za kawaida za watoto baada ya majaribio hayo.

R21 nayo ilibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na hutengenezwa na Serum Institute of India. Kabla ya kukubaliwa ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 katika nchi za Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Miongoni mwa vituo vya majaribio hayo vilikuwamo Kilifi na Bagamoyo. Hivyo watoto wa pwani ya Afrika Mashariki walichangia kuwafungulia njia wenzao wa Juba. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2023.

INAVYOFANYA KAZI

Mbu jike mwenye vimelea amwumapo mtoto, vimelea huingia mwilini na kukimbilia kwenye ini. Huko hujificha na kuongezeka kwa muda wa wiki moja hivi, kisha humwagika katika damu, na hapo ndipo homa huanza. Chanjo huufundisha mwili kulitambua vazi la nje la vimelea hivyo, ili uwashambulie maadui hao kabla hawajajenga ngome yao katika ini.

Katika sehemu ambazo malaria huja kwa msimu, R21 ilipunguza ugonjwa kwa kiasi cha asilimia 75 katika mwaka wa kwanza, watoto walipochanjwa kabla ya msimu. Maana yake ni kwamba chanjo haimkingi mtoto kabisa, wala haimtibu aliyekwisha kuugua. Tena nguvu yake hupungua kadiri miezi ipitavyo, na kwa sababu hiyo dozi zake ni nne. Tatu za mwanzo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitano, kwa kupishana mwezi mmoja mmoja. Ya nne hufuata yapata mwaka mmoja baada ya ile ya tatu.

Kuna kazi nyingine nayo isiyoonekana. Chanjo hii sharti ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikigandishwa huharibika, na joto likizidi huharibika vile vile. Mahali pasipo na umeme hutumika majokofu ya nguvu ya jua yasiyohitaji betri: mchana jua hugandisha barafu ndani ya kuta za jokofu, na usiku barafu hiyo hutunza ubaridi.

CUSTOM NI NJIA PANDA

Hata hivyo, dozi ya nne ndiyo yenye mashaka zaidi, na sababu yake yaonekana wazi hapo Custom. Custom ni soko na ni kituo cha magari. Watu huingia na kutoka: wengine waelekea Nimule kwa ile barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012, na kutoka huko huendelea hadi Uganda na Kenya. Mtoto aliyechanjwa Juba akiwa na miezi mitano aweza kuwa Gulu au Nairobi siku ya dozi ya nne. Uganda nayo ilianza kutoa R21 mwezi Aprili 2025, lakini Kenya ilianza na RTS,S katika sehemu za magharibi. Wataalamu hushauri mtoto amalize kwa chanjo ile ile aliyoanza nayo, ikiwezekana. Isipopatikana, au isipojulikana, aweza kumalizia kwa ile nyingine. Mhudumu wa nchi ya pili hawezi kuyajua hayo pasipo kadi.

YAFAAYO KUKUMBUKWA NYUMBANI

1. Mama aulize katika zahanati ya karibu kama chanjo ya malaria yatolewa hapo, na siku gani.

2. Kadi ya mtoto itiwe katika mfuko wa plastiki na kufungashwa pamoja na hati za safari. Jina la chanjo na tarehe ya kila dozi viandikwe.

3. Baba au shangazi aijue tarehe ya dozi ijayo, kwani siku ya zahanati ni siku ya mauzo yaliyopotea, na mama asiachiwe mzigo huo peke yake.

4. Mtoto aliyechanjwa aendelee kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

5. Akipata homa, apelekwe akapimwe damu siku hiyo hiyo. Asinunuliwe vidonge sokoni kwa kubahatisha.

Wataalamu walihangaika kwa miongo mingi hadi kukifikisha kichupa hicho Juba. Hatua iliyobaki ni fupi, nayo yawahusu wazazi: kumrudisha mtoto kwa dozi ya nne, popote pale safari itakapokuwa imewafikisha.