Wageni ni wa mama, hati ya shamba ni ya nani?

WATALII wanaoteremka katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda huelekea moja kwa moja ufuoni, kwenye mahoteli ya Diani. Baada ya siku mbili tatu za jua na mchanga, baadhi yao huanza kuuliza wenyeji wa Kwale wanaishi vipi. Jibu liko upande wa pili wa barabara ya Likoni–Lunga Lunga, katika mashamba ya minazi, mikorosho na miembe yanayotanda kutoka Tiwi hadi Msambweni. Mara nyingi anayelitoa ni mama.

Ndiye anayempokea mgeni kwa dafu, akamwonyesha mkwezi anavyopanda mnazi bila ngazi, kisha akamketisha juu ya mbuzi. Hapo mgeni hucheka, maana ameambiwa atakalia mbuzi na anachokiona ni kigoda chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Tui likishachujwa kwa kifumbu, huingia katika wali na samaki wa kupaka, na chakula huliwa mkekani chini ya mwembe. Wako wanaomaliza ziara kwa kujifunza kushona makuti. Wengine hulala, iwapo pana banda safi na chandarua.

Faida ya biashara hii si vigumu kuielewa. Mchuuzi anayezuru vijiji akinunua nazi hupanga bei mwenyewe, na mkulima mwenye haja ya karo hana nguvu ya kubishana naye. Mbele ya mgeni, nazi ile ile hulipiwa pamoja na ukwezi, mapishi, hadithi na kivuli, na bei hupangwa na mwenye shamba.

Jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra ni jinsi kalenda ya shamba na ya wageni zinavyoafikiana. Mvua za masika, hasa kuanzia Aprili hadi Juni, ndizo hufukuza watalii ufuoni, na huo ndio wakati wa kupanda na kupalilia. Wageni hurejea kwa wingi karibu na Desemba, maembe yakiwa yanaiva, na pesa zao huingia kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Uzuri mwingine ni kwamba shamba halifungwi hoteli zinapofungwa. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliukausha utalii wa Pwani ya Kusini kwa muda mrefu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatimua wageni tena, na mwaka 2020 janga la korona lilisimamisha safari za ndege za kimataifa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti 1. Wafanyakazi wengi wa mahoteli walirudi makwao mikono mitupu. Aliyekuwa na mihogo ardhini hakutajirika, lakini alikula.

Hata hivyo, mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi na huendelea kuzaa kwa miaka zaidi ya sitini. Minazi inayompendeza mgeni leo basi yaelekea ilipandwa na mtu ambaye amekwisha kufariki, na jina lake pengine ndilo lililo katika hati ya ardhi. Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mama huyu.

Katika desturi ya kale ya Wadigo, mali ilirithiwa kwa upande wa mama, ndani ya fuko, yaani ukoo wa uzazi wa kike. Mpwa alimrithi mjomba. Uislamu ulipokita mizizi, urithi ukahamia kwa watoto wa marehemu kwa mujibu wa faraidhi, na mvutano baina ya taratibu hizo mbili ulizaa kesi nyingi. Kulikuwa pia na ada ya pwani iliyoruhusu mti uwe na mwenyewe na ardhi iwe na mwenyewe mwingine. Shamba moja, basi, laweza kuwa na wadai wa namna tatu.

Chukua mfano wa mjane wa Kiislamu aliyeachiwa watoto wa kiume na wa kike katika shamba la ekari nane. Kisheria fungu lake ni thumuni, yaani ekari moja, na kila binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Ikiwa mama amejenga banda la wageni na kuchimba kisima kabla ya mgao, vyote viwili vyaweza kuangukia sehemu ya mwana anayeishi Mombasa na ambaye tayari anazungumza na mnunuzi. Ardhi iliyo karibu na Diani haikosi mnunuzi.

Dini haimnyimi mwanamke mali aliyoichuma mwenyewe, kwani kilicho chake ni chake hata ndani ya ndoa. Tatizo ni kuthibitisha, kwa sababu jengo alilolijenga limesimama juu ya ardhi isiyogawanywa. Warithi wakiridhiana mapema kwamba sehemu yenye banda na kisima ibaki kwa mama, maafikiano hayo yanaweza kuandikwa na kupelekwa mbele ya Kadhi wakati wa kugawa mirathi. Kusubiri hadi wageni waanze kuleta pesa ni kukaribisha ugomvi.

Kwa mke ambaye mumewe yu hai, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ina kifungu ambacho wengi hawakijui. Katika kueleza mchango wa mwanandoa, inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani na usimamizi wa biashara ya familia. Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Ndoa ikivunjika, kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango aliouthibitisha. Waislamu, kwa mujibu wa sheria hiyo hiyo, wanaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika suala hili.

Ndiyo maana daftari la wageni lina uzito kuliko linavyoonekana. Tarehe, idadi ya wageni, kilicholipwa, mbao zilizonunuliwa, mshahara wa mkwezi na kuku waliochinjwa, wote wakihesabiwa kwa bei ya soko hata kama ni wa uani, huonyesha kama biashara ina faida. Vilevile huonyesha nani aliyeiendesha.

Kwale imewahi kuonja pande zote mbili za suala hili. Hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, karibu na Shimba Hills, ilifunguliwa mwaka 1995 baada ya familia za wakulima kukubali kuacha mashamba yao yatumiwe na ndovu waliokuwa wakila mimea yao. Mapato ya wageni yaligawanywa kwa wenye ardhi kulingana na ukubwa wa ardhi waliyoitoa. Mpango ulikuwa wa busara, ila fedha zinazofuata hati hufika kwanza kwa mwenye jina.

Huko Gazi na kisiwani Wasini hali ni tofauti. Akina mama waliungana katika vikundi, wakawa wanawatembeza wageni kwenye njia za mbao, Gazi kupitia mikoko na Wasini juu ya matumbawe ya kale, kwa ada inayosaidia mahitaji kama karo. Si sadfa kwamba wanawake walisimama imara mahali ambapo biashara haikuhitaji hati ya shamba la mtu. Mikoko ni msitu wa serikali.

Masharti mengine hayana utata mkubwa. Leseni ya biashara hutolewa na kaunti, anayepika hutakiwa kuwa na cheti cha afya, na malazi ya watalii husimamiwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011.

Kabla ya kununua godoro hata moja, mama hana budi kwenda katika afisi ya ardhi mjini Kwale na kuomba rekodi ya shamba ipekuliwe ili ajue limeandikishwa kwa nani na kama lina deni la benki. Likiwa kwa jina la mume aliye hai, makubaliano yaandikwe, naye atie sahihi mbele ya mashahidi. Likiwa kwa jina la marehemu, urithi ufunguliwe mahakamani, na daftari la wageni lipelekwe huko pamoja na stakabadhi za mabati na saruji.