Mifupa Iliyokataa Dawa

Sogeeni karibu, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kisa cha mifupa iliyokataa dawa.

Miaka mia moja iliyopita, watoto wengi katika miji ya viwanda huko Ulaya walikuwa na matege. Moshi uliziba anga, jua likawa adimu, mifupa ikalainika na miguu ikapinda. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaweka watoto wagonjwa mbele ya taa maalumu, na mifupa yao ikakaza. Wakati huohuo, Edward Mellanby wa London alionyesha kwamba mbwa waliopewa mafuta ya ini la samaki hawakupata matege. Kilichomo katika mafuta hayo leo tunakiita vitamini D, na ngozi yetu huitengeneza yenyewe ikipigwa na jua.

Basi kisa kimekwisha? Bado. Walikuwapo wagonjwa ambao hata wapewe vitamini hiyo, hata waote jua, mifupa yao ilizidi kudhoofika. Wengi wao walikuwa na figo mbovu. Mwaka 1943 madaktari wawili waliofanya kazi Beijing, Liu na Chu, walieleza kwa makini hali ya wagonjwa wa namna hiyo, lakini sababu ilibaki fumbo. Figo na mifupa, wapi na wapi? Kila daktari alijua kwamba kazi ya figo ni kuchuja: lita 180 hivi kwa siku, karibu zote zikirudishwa kwenye damu, na lita moja au mbili tu zikitoka kama mkojo.

Fumbo lilifumbuliwa Cambridge, Uingereza. Egon Kodicek, aliyeikimbia Prague mwaka 1939 baada ya Wajerumani kuivamia nchi yake, alikuwa akifanya utafiti pamoja na David Fraser, mtafiti kutoka Australia. Waliitia vitamini D alama ya mionzi ili waifuatilie popote iendapo mwilini, kisha wakawapa panya. Katika panya wenye figo, vitamini ilibadilika hatua kwa hatua mpaka ikapata umbo lake la mwisho. Katika panya walioondolewa figo, umbo hilo halikuonekana. Wakatangaza mwaka 1970: ni figo inayolitengeneza.

Maana yake nini? Vitamini D inayotoka kwenye ngozi au chakula ni kama mahindi ya ghalani: chakula ni chakula, lakini hujapata ugali. Kwanza huenda kwenye ini, likaibadilisha kidogo. Kisha damu huipeleka kwenye figo, na huko ndiko inakokamilika. Ikishakamilika huuamuru utumbo ufyonze kalisiamu kutoka kwenye chakula. Figo zikifa, amri haitoki. Unaweza kunywa maziwa asubuhi na jioni, na kalisiamu nyingi ikapita tu.

Hapo sasa pana jambo linaloniogopesha kuliko yote. Shingoni tuna tezi nne ndogo zinazolinda kiwango cha kalisiamu katika damu, kwa kuwa moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila madini hayo. Kiwango kikishuka, tezi hizo hazingoji utumbo. Huchota kalisiamu kutoka kwenye mifupa. Mwili unajibomoa ili moyo uendelee kupiga.

Mwaka 1971 wanakemia walikwisha kujua muundo kamili wa vitamini iliyokamilika, na miaka michache baadaye ikawa dawa, kalsitrioli. Kwa dawa hiyo, wagonjwa wa figo huiruka ile hatua ambayo miili yao haiwezi tena kuifanya. Kidonge kimoja huweza kuwa na mikrogramu 0.25 tu, yaani robo ya sehemu moja ya milioni ya gramu, na bado madaktari hupima damu mara kwa mara, maana kalisiamu ikizidi nayo hudhuru.

Fraser na Kodicek hawakupata Tuzo ya Nobel. Mimi naona walistahili.