Amepona lakini hawezi kutoka hospitalini: sheria ya Kongo inasema nini?

Mama amezaa vizuri. Yeye ni mzima, na mtoto pia. Lakini siku zinapita na wote wawili wangali ndani ya hospitali, kwa sababu fakture haijalipwa. Ndugu wanazunguka mtaani kutafuta makuta. Jamaa nyingi za mashariki mwa Kongo zinajua jambo hili, na wengi wanafikiri kwamba hospitali ina haki ya kufanya hivyo.

Sivyo. Kifungu cha 17 cha katiba kinasema kwamba hakuna mtu anayeweza kuzuiliwa isipokuwa kwa kufuata sheria. Kifungu cha 67 cha kitabu cha pili cha sheria ya azabu kinatoa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano kwa yule anayemfunga mwenzake bila haki, kwa nguvu, kwa ujanja ao kwa vitisho. Deni linabaki deni: hospitali inaweza kuandikiana na jamaa ili walipe pole pole, ao kwenda kudai mbele ya tribinali. Lakini mtu hawekwi rehani.

Masomo mawili yasiyokutana

Mwanafunzi wa sheria anaweza kumaliza chuo kikuu bila kujua namna hospitali inavyopata pesa. Muuguzi naye anaweza kupata diploma bila kusoma kifungu hata kimoja cha katiba. Katikati yao ndipo mgonjwa anaumia.

Na bado sheria zipo. Kifungu cha 47 cha katiba kinahakikisha haki ya afya. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inapanga kazi zote za afya ya umma inchini, na ilirekebishwa mwezi wa tatu 2023. Lakini kutoka wizara ya Kinshasa hadi zone za afya, zaidi ya 500, njia ni ndefu.

Nani atalipa?

Anayejua sheria peke yake atasema: fungueni mlango. Anayesoma pia siasa ya afya atauliza: kesho nani atanunua dawa? Hospitali nyingi zinaishi kwa pesa za wagonjwa, na humo ndimo wauguzi wanapata sehemu ya malipo yao. Mkubwa wa hospitali anayemzuia mama anavunja sheria, lakini mara nyingi yeye pia amebanwa.

Ndiyo maana serkali ilianzisha mpango wa kuzaa bure, kwanza Kinshasa mwezi wa tisa 2023, kisha ukapanuliwa kwenda majimbo mengine. Chini ya mpango huo serkali ndiyo inabeba fakture. Ikichelewa kulipa, dawa zinakwisha, na mama anaanza tena kuombwa pesa chini ya meza. Sheria bila bajeti haimtoi mtu hospitalini.

Vyuo vyetu vina mahali pa kuanzia: Bukavu, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Kikatolika kinafundisha sheria na afya ya umma pia. Kazi ni kuwaketisha wanafunzi hao kwenye benchi moja.

Kwa sasa, jamaa iliyo na mgonjwa inaweza kuuliza bei mbele ya matunzo, kuchunga kila risiti, kuomba mapatano ya deni kwa maandishi, na mlango ukifungwa, kumwona munganga mkuu wa zone ya afya ao mwanasheria. Anayejua haki yake haombi huruma mlangoni.