Mzigo Usioonekana wa Wafanya Kazi wa Angani

Mpagazi wa bandarini huuona mzigo unaomlemea, na mchimba madini huliona vumbi avutalo. Lakini rubani na watumishi wa ndegeni huchukua mzigo wasiouona wala kuuhisi. Nao ni mionzi itokayo nje ya dunia, ambayo Victor Hess aliivumbua mwaka 1912, alipopanda kwa puto kiasi cha meta 5,300 akaikuta imezidi kuliko chini.

Sisi tulio chini tunakingwa na hewa. Chembe zitokazo juu huigonga, zikavunjika na kuzaa nyingine, na nyingi hukoma kabla ya kufika ardhini. Sumaku ya dunia nayo huzifukuza nyingi kwenye Ikweta, bali karibu na ncha za dunia ulinzi wake ni dhaifu. Kwa hiyo safari ya London hadi Los Angeles, ipitayo kaskazini sana, humpa mtumishi mionzi zaidi kuliko safari ndefu kama hiyo kandokando ya Ikweta.

Je, mzigo huo hupimwaje? Wataalamu huifundisha kompyuta jinsi chembe na hewa zigonganavyo, nayo hufuata chembe moja moja, mamilioni kwa mamilioni, ikibahatisha kila mgongano mithili ya mcheza dadu. Kwa hesabu za namna hiyo, programu ya CARI ya Marekani hupewa njia ya ndege, kimo na muda wake, kisha hutaja mionzi iliyoingia mwilini.

Abiria wa mara moja asihofu. Lakini kwa hesabu za Marekani za mwaka 2006, wafanya kazi wa ndegeni walipata wastani wa milisiveti 3 hivi kwa mwaka, kuliko kundi lolote jingine la wafanya kazi wakutanao na mionzi.

Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 1996 kwamba mwajiri akadirie mionzi ya kila mtumishi wa ndegeni awezaye kupita milisiveti 1 kwa mwaka, apange zamu ili kuipunguza, amweleze hatari yake, na kumlinda mja mzito. Marekani, yenye CARI, imetoa mashauri tu pasipo kikomo cha sheria.

Ndugu wasomaji, kompyuta imekwisha timiza wajibu wake. Lililobaki ni la watu: mfanya kazi aambiwe hesabu yake kabla hajapangiwa zamu nyingine.