Tezi ya Shingo Inapovuruga Vipimo vya Sukari

Unamuuguza mtu mwenye kisukari, labda mtoto anayechoma insulini au bibi anayemeza vidonge. Chakula ni kilekile, dawa ni ileile, lakini sukari inapanda au inashuka bila sababu. Kabla hujamlaumu kwamba anakula kwa siri, fikiria tezi ya shingo.

Tezi hii hufanya nini?
Homoni zake huongoza kasi ya mwili kutumia chakula na dawa. Ikivimba huitwa goita au rovu, lakini inaweza kuugua bila uvimbe wowote kuonekana.

Ikifanya kazi kupita kiasi
Ini humwaga sukari nyingi kwenye damu, na insulini huisha upesi mwilini. Sukari hupanda. Mgonjwa hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka.

Ikifanya kazi pungufu
Insulini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dozi ileile inaweza kushusha sukari mno. Mgonjwa huchoka, huhisi baridi wakati wengine wanaona joto, hupata choo kigumu. Mtoto huchelewa kukua.

Kipimo cha miezi mitatu kinaweza kudanganya
Kipimo cha HbA1c huangalia sukari iliyoshika kwenye chembe nyekundu za damu, zinazoishi takriban siku 120. Tezi inayokwenda kasi huzifupishia maisha, na majibu huonyesha nafuu ambayo haipo. Tezi iliyolegea huweza kuonyesha sukari kubwa kuliko ilivyo. Upungufu wa damu na selimundu pia huvuruga kipimo hiki.

Anatetemeka na kutoka jasho?
Inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa sukari imeshuka. Pima kidole. Ikiwa chini ya 4, au huna mashine, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Mtoto mdogo mpe kiasi pungufu, kama ulivyoelekezwa kliniki. Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

"Sisi wa Moa tunakula samaki, goita itatoka wapi?"
Samaki na chumvi yenye madini joto hukinga goita ya upungufu wa madini hayo. Havizuii ugonjwa unaotokea pale kinga ya mwili inapoishambulia tezi. Watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza wako katika hatari zaidi ya ugonjwa huo.

Ufanye nini?
- Andika vipimo vya kidole kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa.
- Nenda nalo kituoni, uulize kuhusu kipimo cha tezi, TSH. Kisipopatikana hapo, omba rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Mkoa ya Bombo, Tanga.
- Usipunguze wala kuongeza dozi kwa kukisia.
- Matibabu ya tezi yakianza, pima sukari mara nyingi zaidi, kwa sababu itabadilika tena na dozi ya kisukari huenda ikahitaji kurekebishwa na daktari.