Mnyoo Mwenye Seli za Neva 302

Anayepita Mpui akielekea Laela atakumbuka matuta ya duara ambayo Wafipa toka zamani hufukia majani ndani yake ili yaoze yawe mbolea. Mnyoo ninayemzungumzia leo hupenda mahali pa namna hiyo, penye vitu vinavyooza, maana chakula chake ni bakteria. Urefu wake ni milimita moja. Wataalamu humwita Caenorhabditis elegans. Si yule wa tumboni, usimtafutie dawa. Watafiti waliochunguza minyoo hao kutoka Kenya na Afrika Kusini waliipa ripoti yao ya mwaka 2008 jina la utani, “Hakuna Nematoda”, na huku wamewapata!

Mnyoo huyu ana seli za neva 302. Binadamu anazo kama bilioni 86. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianza kumchunguza huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1960. Yeye na wenzake walimkata vipande vyembamba mno, wakavipiga picha kwa hadubini ya elektroni, wakafuata kila uzi, na mwaka 1986 wakachapa ramani ya jinsi seli hizo zinavyoungana.

Mwaka 2011 ukaanza mradi wa OpenWorm, wa kumjenga mnyoo ndani ya kompyuta. Mwaka 2014 ramani ile ilipachikwa katika roboti ya Lego yenye magurudumu. Ikikaribia ukuta, ilirudi nyuma. Ikavuma kwamba mnyoo amehamia kwenye mashine.

Hapo sikubaliani. Ramani ya barabara huonyesha kwamba Mpui imeungana na Sumbawanga. Haisemi mabasi mangapi hupita wala yamebeba nini. Ya mnyoo nayo haisemi kiungo kipi kina nguvu, kipi huamsha na kipi hutuliza. Mambo hayo mafundi huyakisia, kisha huyarekebisha mpaka mnyoo wa kwenye skrini ajipinde kama wa kweli.

Si mchezo wa wasomi tu. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba kampuni moja ya Marekani ilipokea amana ya dola 10,000 kwa kila mtu aliyetaka ubongo wake uhifadhiwe, ili siku moja uingizwe kwenye kompyuta. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapa matokeo ya kuchokoza seli za mnyoo moja moja kwa mwanga na kutazama nyingine zinavyoitika. Mara nyingi ziliitika tofauti na ramani ilivyotabiri.