Tezo, Patasi na Moyo wa Mpingo

Gogo la mpingo likitumbukia majini huzama. Mita moja ya ujazo ya mti huu mkavu hufikia kilo 1,200 hivi, ilhali ya maji ni 1,000. Uzito huo, pamoja na ugumu wa mti, ndio unaomtawala mchongaji wa Kimakonde, tangu kifaa anachoshika hadi sura ya kinyago.

Huketi chini, akalibana gogo kwa miguu, akaanza na tezo. Tezo huondoa gome na tabaka jeupe lililo chini yake, mpaka moyo mweusi wa mti ujitokeze. Kisha patasi hugongwa kwa rungu: pana kwa mabega na mapaja, nyembamba kwa macho na vidole. Mpingo humaliza makali ya vifaa upesi, kwa hiyo kunoa ni sehemu ya kuchonga. Kisu, tupa na msasa hulainisha, nta ikatia mng'ao.

Mpingo haukui ukanyooka. Hupinda, huwa na mafundo na mapango, na mchongaji stadi hufuata anachopewa na gogo. Hapo ndipo ninapouona ukubwa wa sanaa hii. Husimuliwa kwamba miaka ya 1950, jijini Dar es Salaam, kinyago cha mchongaji Samaki Likankoa kilivunjika mkono. Akakichonga upya kikawa shetani, na mtindo mzima ukazaliwa. Mtindo wa ujamaa, unaohusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, hupandanisha watu wengi katika gogo moja, bila gundi wala msumari. Patasi ikiteleza kwenye shingo ya mmoja wao, hakuna kiraka.

Si kila kazi ya Wamakonde hutaka mpingo. Lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwani ngomani, huchongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji lazima aweze kuruka nacho.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na wachongaji wanaugombania na watengenezaji wa klarineti na obo wa ng'ambo. Kuna vijiji vilivyoonyesha njia: mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, na wanavijiji wakaanza kufaidi miti waliyoitunza wenyewe.

Kinachoniuma ni mti laini uliopakwa rangi nyeusi, unaouzwa kama mpingo. Humwibia mnunuzi, na humwibia zaidi aliyehangaika na gogo la kweli. Ukifika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, kipime kinyago mkononi, kigeuze, kwaruza kitako chake kidogo kwa ukucha. Rangi ikibanduka na weupe ukaonekana, kirudishe. Ukishika mpingo halisi, muulize mchongaji gogo limetoka wapi, kisha umlipe bei inayolingana na kazi yake.